Mama hutoa bahasha kwa jina langu, nami sijui kama bado ni Mlutheri

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, mzaliwa wa Machame, naishi Dar es Salaam na mke wangu na mtoto wetu wa kwanza ambaye ana miezi saba. Naomba usitaje jina langu wala usharika wetu, maana kule nyumbani watu wanasoma na wanajuana.

Kwetu Ulutheri si kitu cha kujiunga. Ukizaliwa unaukuta pale pale, pamoja na kihamba, yaani shamba la ukoo, na jina la ukoo. Baba wa babu yangu alibatizwa na wamisionari wa Kijerumani, babu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, baba alikuwa mzee wa kanisa mpaka alipofariki. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, nikasoma kipaimara, nikaikariri Katekisimo na "maana yake" zote mpaka mwinjilisti akawa ananitumia kuwasikiliza wenzangu. Nilipofika kidato cha pili nikaingia kikundi cha tarumbeta. Alfajiri ya Pasaka tulianza kupiga kukiwa giza bado, midomo imekufa ganzi kwa baridi, tunapita njia za migombani kuamsha watu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile mahali popote.

Nilipokuja Dar kusoma chuo nikaacha. Sikugombana na mtu, wala hakuna mchungaji aliyeniudhi. Jumapili moja nilikuwa nimechoka, nyingine nilikuwa na mtihani, halafu ikawa ndivyo nilivyo. Siku hizi naingia kanisani kwa harusi, msiba na Krismasi. Desemba nikipanda Moshi nakaa kwenye benchi la familia, naimba bila kufungua kitabu, wazee wananipa mkono. Ukiniuliza dini yangu nakujibu Mlutheri hata kabla hujamaliza swali. Ukiniuliza kama naamini, nakwama. Sisali. Sijakataa kwamba Mungu yupo, ila siwezi kusimama nikasema namjua.

Mke wangu ni mtu wa Mbeya, mlokole tangu akiwa chuo, anasali katika kanisa la kipentekoste hapa hapa mtaani. Harusi tulifungia kwetu Machame kwa sababu mama aliomba, na mke wangu akakubali kwa ajili ya amani. Hili la mtoto hakubali. Mama ameshazungumza na mwinjilisti kwamba mtoto abatizwe Desemba hii, siku ya pili ya Krismasi, ukoo mzima ukiwa nyumbani. Wadhamini ameshawachagua, mbuzi ameshatengwa. Mke wangu anasema mtoto mchanga hawezi kuamini, kwa hiyo aombewe na kuwekwa wakfu, akikua aamue mwenyewe na abatizwe kwa maji mengi. Hapo tungeweza kubishana kama watu wengine wanavyobishana. Ila aliendelea: "Ungekuwa Mlutheri kweli ningenyamaza, nikakuheshimu. Lakini wewe utasimama mbele ya watu uahidi kumlea mtoto katika imani usiyokuwa nayo. Huo si ubatizo, ni sherehe ya ukoo." Maneno hayo hayajanitoka.

Halafu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Pasaka iliyopita nilikwenda nyumbani peke yangu. Mama akanituma nimletee miwani yake kwenye kabati la vyombo. Kando ya kitabu chake cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, nikakuta bunda la bahasha za kanisa limefungwa kwa mpira, kila moja ina namba na jina. Jina langu. Kumbe tangu nilipoondoka nyumbani mama amekuwa akiniandikisha ahadi kila mwaka na kuilipa kwa fedha ya maziwa na ndizi. Baadaye binamu yangu akaniambia, akidhani najua, kwamba hata siku ya mavuno mama hupeleka mkungu kwa ajili yangu, na kwenye mnada nje ya kanisa hutangazwa kuwa ni wa kijana wetu aliyeko Dar. Kwenye daftari la usharika mimi ni msharika hai, sidaiwi. Ndiyo maana wakati wa harusi hakuna aliyeniuliza kitu. Na ndiyo maana kwenye huu ubatizo hakuna atakayeniuliza.

Mama sikumwambia kwamba nimeona. Nilimpelekea miwani, basi.

Mshauri, nikimbatiza mtoto namdanganya Mungu kama yupo, na mke wangu ananiona mnafiki. Nisipombatiza namvunja moyo mama, ana miaka 74 na presha inamsumbua. Niseme tu kwamba mimi si Mlutheri? Hilo nalo naona ni uongo. Tulipomzika baba, matarumbeta yalipoanza pale kaburini nililia kwa namna ambayo sikulia hospitalini, na mpaka leo nikiusikia wimbo ule nashikwa na kitu kooni. Mke wangu anasema hayo ni mazoea, si imani. Huenda ni kweli. Je, mtu anaweza kuwa Mlutheri kwa kuzaliwa tu? Na mtu wa namna hiyo ana haki gani ya kumpeleka mtoto kwenye maji?

Mwana wa Machame, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hongereni kwa mtoto.

Nikirudia kwa maneno yangu, hali yako iko hivi. Una Ulutheri uliourithi, nao unaupenda kuliko unavyokiri. Una imani ambayo hujui kama unayo. Mkeo anasema cha kwanza bila cha pili ni sherehe. Mama yako hajawahi hata siku moja kuvitenganisha. Mtoto amewekwa katikati, tarehe imepangwa, mbuzi anakula majani. Na wewe umejiwekea njia mbili tu, uwe mnafiki au uwe msaliti. Nikiwa na njia mbili kama hizo hata mimi ningekosa usingizi, ndiyo maana nataka kwanza tuzikague.

Tuanze na neno hilo la sherehe ya ukoo, kwa kuwa ndilo lililokuchoma. Unalichukulia kama aibu, kwamba ukoo umeingia kanisani kwa mlango wa nyuma na kuifukuza imani. Historia ya kwenu haisemi hivyo. Wamisionari wa Kijerumani wa shirika la misheni la Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Aliyewafuata mwaka 1902, Bruno Gutmann, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Old Moshi mpaka mwaka 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyovitoa Mungu mwenyewe, na kwamba kanisa la Wachagga lijengwe juu yake, lisiwang'oe watu humo. Wapo waliompinga, na walikuwa na sababu zao nzito. Kanisa likishikana mno na damu na ardhi linaweza kusahau linamtumikia nani. Lakini ndivyo lilivyojengwa. Benchi la familia unalolikalia Desemba halikutokea kwa uzembe wa mama zako. Lilikusudiwa. Kwa hiyo usiutupe urithi wako kana kwamba ni ganda lililobaki baada ya imani kuondoka. Kwa babu zako huo ulikuwa mmoja wa milango ambayo imani iliingilia.

Upo mkondo wa pili, na mkeo, ajue asijue, anazungumza akiwa ndani yake. Miaka ya 1930 uamsho ulitoka Rwanda na Uganda, ukaingia Bukoba, ukasambaa. Watu wakasimama mbele ya wenzao kuungama wizi, uzinzi, chuki za ndani ya nyumba, na wakaanza kutofautisha waziwazi kati ya Mkristo wa jina na aliyeokoka. Usidhani hayo yalitokea nje ya Walutheri. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, alikuwa mtu wa uamsho huo huo. Swali la mkeo, basi, si la kanisa la mtaani kwenu peke yake. Limeulizwa ndani ya KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na watu walioipenda KKKT.

Ninayasema haya kwa sababu barua yako inausoma ugomvi huu kama mama na kanisa lake dhidi ya mke na kanisa lake, wewe ukiwa mpira. Mimi nauona ni ugomvi wa zamani wa kanisa lako mwenyewe, umehamia sebuleni kwako. Una haki ya kuzungumza humo kama mwenyeji.

Sasa hiyo "imani usiyokuwa nayo". Nani ameipima? Wewe umepima kwa kuhesabu Jumapili na kwa kuona kwamba husali. Mkeo amepima kwa kukutazama. Lakini umesema uliikariri Katekisimo, basi irudie ile sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, panapoelezwa habari za Roho Mtakatifu. Luther, alipoiandika mwaka 1529, hakusema hapo kwamba ameamini vizuri. Anakiri kwamba kwa akili yake na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Yesu Kristo, na kwamba Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita. Kanisa linalokiri hivyo ndilo linalobatiza watoto wachanga, kwa kuwa linauona ubatizo kuwa kwanza ni tendo la Mungu, si cheti cha mtu aliyefaulu. Unaweza usikubaliane nalo, mkeo hakubaliani nalo. Ila usiseme Ulutheri ndio unaokukataza kufika mbele ukiwa na mashaka, maana hapo unautungia.

Lakini usiende kujificha hapo pia. Katika ibada ya ubatizo wazazi na wadhamini wanaulizwa kama watamlea mtoto katika imani, na wanajibu kwa sauti. Swali hilo halichunguzi moyo wako una joto kiasi gani. Linauliza utafanya nini. Utamfundisha kusali wakati wewe husali? Utampeleka Shule ya Jumapili au utamtuma na dada wa kazi? Hapa mkeo ana hoja, na Katekisimo hiyo hiyo iko upande wake: Luther aliiandika ili mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Hakuandika kwamba bibi atafanya hivyo mara moja kwa mwaka wakati wa likizo.

Nikutoe Machame kidogo. Ujerumani, walikotoka wamisionari wa babu zako, mtu aliyesajiliwa kuwa mshirika wa kanisa la Kiinjili na anayelipa kodi ya mapato hutozwa juu yake kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake hiyo kulingana na jimbo analoishi. Serikali inakusanya na kulipelekea kanisa. Akitaka kuacha anakwenda ofisi ya serikali, anasaini, imekwisha. Uswidi, mpaka miaka ya 1990, mtoto wa mshirika alihesabiwa kuwa mshirika tangu kuzaliwa, maji yakiwa bado. Kuna Walutheri wengi sana huko kaskazini wa aina yako: Krismasi, harusi, msiba. Sifikirii kwamba wote hawana imani, na huwa sipendi tunavyowacheka tukilinganisha kanisa lao tupu na letu lililojaa. Makanisa yao yamepakwa rangi, vinanda vinapigwa, wafu wanazikwa kwa heshima. Na katika mji wenyewe wa Leipzig wakazi wengi leo si washirika wa kanisa lolote.

Nimekuleta huko kwa sababu ya jambo moja. Urithi wa dini unaweza kudumu muda mrefu bila imani ya yule anayeurithi, lakini haudumu bila mtu wa kuugharamia. Kule kazi hiyo inafanywa na mfumo wa kodi. Kwako inafanywa na ng'ombe wa mama yako.

Ndiyo maana bunda lile la bahasha naliona zito kuliko swali lako la mwisho. Wewe unauliza kama mtu anaweza kuwa Mlutheri kwa kuzaliwa tu. Tazama ulichokiona: hata huko kuzaliwa tu hakukutosha. Ilibidi kila mwaka mtu aandike jina lako, akunje noti, abebe mkungu. Ulutheri wako wa miaka yote ya Dar umekuwa na imani ndani yake, imani yenye bidii sana, ila ilikuwa ya mama. Sasa mama ana miaka 74. Kabla hujajiuliza kama unaamini, jiulize kama uko tayari kuupokea mzigo huu kwa mikono yako, au kuutua mbele ya watu ukieleza kwa nini, au kuuacha hapo hapo mgongoni kwake mpaka atakapoondoka. Njia hiyo ya tatu ndiyo uliyo nayo sasa, na ni rahisi kwa sababu hujalazimika kuichagua.

Na mama mwenyewe, kwa nini anafanya hivyo? Barua yako inadokeza kwamba ni kwa ajili ya watu watasemaje. Huenda imo. Mimi nahisi kuna kitu kingine. Wewe na mimi tunajua jinsi inavyokuwa msibani: familia inaulizwa jumuiya ya marehemu ni ipi, alikuwa anashiriki, ahadi yake iliishia wapi, na majibu yakikosekana maneno huwa mengi kabla mchungaji hajavaa joho. Mama mjane aliyemzika mumewe kwa matarumbeta anaijua hesabu hiyo. Inawezekana anakulipia uje kulala kihambani kwa kengele kama baba yako. Inawezekana pia anafanya kama Ayubu, aliyekuwa akiamka asubuhi na mapema kuwatolea wanawe sadaka, akisema huenda wamekosa. Kumtolea mtoto sadaka si udanganyifu, na usiende kwa mchungaji ukalisimulia jambo hili kana kwamba umemfumania. Mwulize mwenyewe kwanza. Si lazima uanze na "niliona". Unaweza kumwuliza tu, "Mama, namba yangu ya bahasha bado ipo?" Kisha nyamaza umsikilize.

Sasa Desemba. Ukimbatiza mtoto kama mama alivyopanga, unapata kitu halisi: ukoo pamoja, bibi aliyemshika mjukuu wake akiwa bado ana nguvu, jina la mtoto kwenye daftari lenye majina ya wazee wake. Hatari yake iko kwa mkeo. Alishakubali harusi kwa ajili ya amani, na mtu anayekubali mara mbili kwa ajili ya amani mara nyingi huanza kuhesabu. Ipo pia karatasi inayosema wewe ni msharika hai. Kama utaitumia, jiulize ungemjibu nini mchungaji akikugeukia na kukuuliza jumuiya yako ya Dar ni ipi.

Ukiahirisha, ukasema mtoto atabatizwa baadaye, labda huku Dar baada ya wewe kurudi usharikani kwa miguu yako, ahadi yako itakuwa na kitu nyuma yake. Hatari yake ni wewe mwenyewe. Umeniambia ulivyoacha kanisa: uchovu, mtihani, kisha ndivyo nilivyo. "Baadaye" ya mtu wa namna hiyo ina mazoea ya kutofika, na presha ya mama haisubiri.

Ukikubali mtoto awekwe wakfu kanisani kwa mkeo, unamheshimu yule mmoja nyumbani kwenu ambaye imani yake iko kazini kila siku, na hilo si dogo. Lakini angalia usije ukaichagua njia hiyo kwa kuwa haikudai chochote, mkeo asali kwa niaba yenu wote kama mama alivyotoa bahasha kwa niaba yako. Utakuwa umebadilisha tu mtu wa kukubeba. Na mjue mapema kwamba akibatizwa sasa KKKT, kanisa la mkeo linaweza kuja kumtaka abatizwe tena akikua, wakati KKKT huhesabu ubatizo kuwa ni mmoja, haurudiwi. Mkilikwepa hilo leo atakuja kulibeba mtoto akiwa na miaka kumi na kitu, katikati yenu.

Ipo na ya kusema kweli kwamba wewe si wa imani hii, ukabaki na nyimbo na kihamba bila kujifanya. Watu waaminifu wamefanya hivyo. Ila barua yako haijaandikwa na mtu aliyefika hapo, au mimi sijaisoma vizuri.

Kuhusu mkeo nina maswali zaidi kuliko majibu. Anaogopa nini hasa? Kwamba mtoto atabatizwa angali mchanga, au kwamba atakua akimwona baba yake akiimba Krismasi na kunyamaza mwaka mzima? Hayo ni mambo mawili, na la pili haliponi kwa kubadilisha kanisa. Mwulize kwa upole pia mtoto wenu akikulia katika wokovu, akazoea mapambio na mikesha tangu akiwa mgongoni, itakuwaje kwake isiwe urithi vile vile. Makanisa ya walokole yaliyoanza miaka ya nyuma sasa yana vijana waliozaliwa humo humo, nao wanaulizwa swali hili hili unaloulizwa wewe. Usilitupe kama kombora. Nadhani analifikiria tayari.

Nimeacha tarumbeta kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo sitaki kukuingilia sana. Ulilia kaburini kwa baba na mkeo akasema ni mazoea. Inawezekana. Mazoea, hata hivyo, yana kitu yalichozoea. Mikono yako ilizoea kupiga wimbo wa ufufuo gizani, ukiwa kijana, ukiwa na furaha ambayo unasema hujaipata tena mahali popote. Sikuambii hiyo ilikuwa imani. Nakuuliza tu ni nani alikufundisha kwamba haikuwa.

Kama ungependa jambo la kufanya ambalo halikufungi, huko unakoishi zipo jumuiya za KKKT zinazokutana nyumba kwa nyumba, mara nyingi asubuhi kabla ya kazi au Jumamosi. Nenda ukae. Usijiandikishe, usitoe ahadi, usimwambie mama. Kama mkeo angependa kuja, aje. Walokole wengi wangejisikia nyumbani katika maombi hayo. Unaweza pia kuomba nafasi na mchungaji wa huko, asiyewajua, ukamwambia neno kwa neno ulichoniambia: sisali, siwezi kusema namjua, mtoto wangu ana miezi saba. Wachungaji wamesikia mazito kuliko hayo, na anaweza kukueleza kanisa linatarajia nini kwa mzazi aliye katika hali yako, jambo ambalo mimi wa gazetini sina mamlaka nalo.

Ila anza na mkeo. Kabla ya mchungaji na kabla ya mama, mwonyeshe barua uliyoniandikia, pamoja na sehemu ya kabati. Anakuona mtu asiyejali, na mtu asiyejali haandiki barua ndefu hivi. Mkishajua ninyi wawili mnataka nini, pigeni simu Machame pamoja, na msichelewe. Mama akishawaambia wajomba tarehe, kuirudisha kutahitaji kikao cha ukoo, na hicho nacho kitataka mbuzi wake.

Msalimie mama. Na ukipata nafasi niandikie jinsi mazungumzo ya bahasha yalivyokwenda.

Mshauri wako